SINDANO YA KUNYOOSHA USO: IPI BORA, NA YAMFAA NANI?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad:

Imetufikia katika darsa yetu barua ya ndugu yetu mmoja, mwenyeji wa Biliqo katika kaunti ya Isiolo, huko ambako Wabarani Waislamu wa kabila la Borana hufuga ngamia na ng'ombe na mbuzi kando ya bonde la Ewaso Nyiro. Atuuliza jambo ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, na lau tungalitaka kulijibu kwa neno moja tungaliweza. Lakini kila tulipoligeuza tuliona chini yake jambo jengine, na chini ya hilo jengine tena; ndipo tukaona kheri tuliandike hapa, wapate kufaidika nalo na wasomaji wetu wa mijini, kwani aliloliuliza mtu wa Biliqo ndilo linalonong'onwa kila siku katika nyumba za Mombasa na Malindi na Lamu.

Khabari yenyewe ni hii. Binti wa nduguye alifiwa na mumewe, kisha ukame wa miaka ya 2020 hata 2023, misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, ukamaliza mifugo yao. Akahamia Mombasa. Umri wake wapita miaka arobaini. Sasa amekuja mtu kumposa, naye yu radhi. Lakini mposaji huyo hajauona uso wake ila katika picha ya zamani. Bibi huyu asema ya kuwa uso wake umeliwa na jua na vumbi na msiba, wala haufanani tena na picha ile. Amesikia kuwa kuna sindano ya kunyoosha makunyanzi. Ana fedha alizopata kwa kumuuza ngamia jike aliyembakia. Ametajiwa dawa mbili, Botox na Dysport, na ya tatu rakhisi kuliko hizo, isiyo na jina, iletwayo mkobani na mwanamke apitaye majumbani. Amemwomba ammi yake amuulizie: katika hizi, ipi bora?

Basi swali lake ni "ipi" tu, hakuuliza "je, yafaa?" Na mtu akikuuliza njia ya kwenda Malindi, si adabu kumjibu kwa kumhoji aendea nini Malindi. Lakini ukijua ya kuwa daraja limekatika, si uungwana vilevile kumwonyesha njia kisha ukanyamaza. Kwa hivyo tutamjibu alilouliza, kisha tutamwambia khabari ya daraja.

NI KITU GANI SINDANO HII?

Asili yake ni sumu. Twasema hivi si kwa kutisha, bali kwa kuwa ndiyo kweli yake. Katika miaka ya 1820 daktari mmoja wa Ujerumani, Justinus Kerner, aliandika juu ya watu waliokufa kwa kula soseji zilizoharibika: macho yao hulegea, hushindwa kumeza, kisha hushindwa kuvuta pumzi. Mwaka 1895, katika kijiji kimoja cha Ubelgiji, wapiga muziki waliokuwa wamekwenda mazikoni walikula nyama ya nguruwe wakapatwa na maradhi hayo hayo, na wengine wakafa. Ndipo mwanachuoni Emile van Ermengem akakigundua kijidudu chenye kutoa sumu hiyo. Jina lake, botulini, latokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Hapana sumu nyingi duniani zenye ukali kama huu.

Lakini Mwenyezi Mungu hutia dawa mahali ambapo watu huona maangamizi tu. Daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, alifikiri: ikiwa sumu hii hulegeza misuli, basi tone dogo mno, likitiwa katika msuli wa jicho lililopinda, huenda likalinyoosha. Alifaulu, na mwaka 1989 serikali ya Marekani ikaipa ruhusa kuwa dawa ya macho yaliyopinda na ya kope zenye kufumba zisitake kufumbuka. Leo hutumiwa pia kwa watoto waliokakamaa viungo, kwa maumivu ya kichwa ya kipandauso, na kwa watu wenye kutoka jasho kupita kiasi. Hayo ni matibabu, na katika matibabu hatuna ugomvi na mtu.

Khabari ya makunyanzi ilikuja kwa sadfa. Mwaka 1987, katika mji wa Vancouver huko Kanada, Jean Carruthers, daktari wa macho, aliona kuwa wagonjwa wake wa kope wanapoteza mikunjo iliyo baina ya nyusi. Akamwambia mumewe Alastair, naye ni daktari wa ngozi. Wakaandika juu yake mwaka 1992. Mwaka 2002 Marekani ikaruhusu itumiwe kwa mikunjo hiyo, na tangu hapo biashara yake imeenea dunia nzima hata kufika Nairobi na Mombasa.

Nayo hufanya kazi hivi: mshipa wa fahamu unapotaka msuli ukaze hutoa kitu chenye kuuamrisha; sumu hii huzuia amri hiyo isitoke. Msuli hauna ugonjwa, bali haukupata khabari. Ngozi iliyokuwa ikikunjwa na msuli huo hutulia, na mkunjo hufifia. Baada ya miezi mitatu au minne mshipa hupona, amri hurejea, na mkunjo nao hurejea.

Hapa tena pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana, nalo ndilo lenye kumhusu zaidi bibi huyu wa Biliqo. Mikunjo ni ya namna mbili. Kuna ile iletwayo na kukunja uso, kama ya baina ya nyusi na ya kipaji. Hiyo ndiyo sindano huiweza. Na kuna ile iletwayo na jua lililoila ngozi miaka mingi, ambayo ipo hata uso ukiwa umetulia, nao ukavu na mabaka yake. Hiyo sindano haiiwezi, kwani tatizo limo katika ngozi wala si katika msuli. Mtu aliyechunga mifugo tangu utotoni katika jua la Biliqo, sehemu kubwa ya alama zake ni za namna hii ya pili. Huenda akatoa thamani ya ngamia mzima akaamka na kipaji laini juu ya mashavu yale yale.

IPI KATIKA HIZO?

Sasa tujibu alilouliza. Botox na Dysport ni sumu ya namna moja, zimetengenezwa na makampuni mbali mbali. Iko na Xeomin ya Ujerumani, ambayo imesafishwa ikaondolewa protini zenye kuizunguka sumu. Na Daxxify, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2022, ambayo hudumu kiasi cha miezi sita kwa wengi wenye kuitumia. Ukitazama matokeo katika uso, tafauti ya Botox na Dysport ni ndogo. Tafauti kubwa imo katika kipimo: kwa mikunjo ya baina ya nyusi Botox hutiwa vipimo 20, na Dysport vipimo 50, wala kipimo cha moja si kipimo cha nyengine. Kwa hivyo mtu akikwambia, "Hii ni bora, kwani nakupa vipimo hamsini kwa bei ya ishirini," jua kwamba ama hajui kazi yake ama yuakuchezea.

Pili, Dysport ina sukari ya maziwa ndani yake, na yaweza kuwa na chembe za protini ya maziwa ya ng'ombe. Mtu ambaye protini hiyo humdhuru asiitumie. Tatu, Botox na Dysport hutaka kuhifadhiwa katika baridi ya friji. Xeomin isiyofunguliwa yaweza kukaa nje ya friji, lakini katika joto lisilopita digrii 25, na nyumba ngapi za Mombasa zina joto la digrii 25 mwezi wa Februari? Nne, mwenye mimba, na mwenye kunyonyesha, na mwenye maradhi ya udhaifu wa misuli, na aliye katika dawa ya gentamisini au mfano wake, wajizuie mpaka daktari aridhie. Tano, isirejewe kabla ya miezi mitatu, kwani mwili ukizoeshwa upesi huweza kuikataa.

Hata dawa sahihi katika mkono wa daktari ina madhara yake. Hutokea kope ikaanguka kwa wiki kadhaa, au nyusi zikapanda moja juu moja chini, au kichwa kikauma. Na tangu mwaka 2009 serikali ya Marekani imelazimisha dawa hizi zote ziandikwe onyo zito, kwamba sumu yaweza kutoka mahali ilipotiwa ikaenda kuzuia kumeza na kupumua.

Ama ile ya tatu, ya mkobani, hatuihesabu kuwa ni chaguo. Mwaka 2023 watu zaidi ya 60 waliopigwa sindano ya sumu hii tumboni huko Uturuki, kwa kutaka kupunguza unene, waliugua maradhi yale yale ya soseji ya Kerner. Mwaka 2024 watu wa majimbo kadhaa ya Marekani waliugua kwa sindano za bandia au zilizotiwa na wasio na idhini. Ikiwa hayo hutokea kwenye nchi zenye ukaguzi mkali, itakuwaje chupa isiyo na jina iliyoshinda juani ndani ya mkoba? Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, na jina lake lasadifu kabisa jambo hili. Na lina Baraza la Madaktari lenye kutoa leseni. Mwenye kutia sindano na aulizwe leseni yake, na chupa na isomwe jina lake na tarehe yake mbele ya mwenye kutiwa. Akikasirika kwa kuulizwa, hilo pekee latosha kuwa jawabu.

Kwa ufupi: baina ya hizo mbili zenye majina, hapana iliyo bora kwa kila mtu, ubora umo katika mkono wenye kushika sindano na ukweli wa chupa. Hili ndilo jawabu la "ipi". Sasa tuje kwenye daraja.

JE, NI KUGEUZA UMBO?

Wako wasemao kwa haraka: hii ni kugeuza alivyoumba Mwenyezi Mungu, nayo ni ahadi ya Iblisi kwa wanaadamu, basi ni haramu na khabari imekwisha. Na wako wasemao kwa haraka kama hiyo: Mwenyezi Mungu ni mzuri na hupenda uzuri, Mtume mwenyewe ametwambia, basi ni halali na khabari imekwisha. Sisi twaona kuwa mambo haya hayaishi upesi namna hiyo. Huko Malaysia, ambao ni watu wa madhehebu yetu ya Imam Shafi, baraza lao la fatwa lilikutana mwaka 2006 likaikataza sindano hii kwa urembo, likaiacha kwa matibabu. Na wako maulamaa wa zama hizi walioiruhusu kwa masharti. Penye ikhtilafu ya wenye elimu, atakiwalo mtu ni kutazama hoja, si kupiga kelele.

Tutazame. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Arfaja, ambaye pua yake ilikatwa vitani, na pua ya fedha ikamwozea, atie pua ya dhahabu. Dhahabu kwa wanaume ni haramu; lakini aibu ya kukaa bila ya pua ilikuwa ni dhara ya kweli, na sheria haikumwachia mtu dhara yake. Katika upande wa pili, alikataza kuchanja mwili na kuchonga meno kwa ajili ya urembo. Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, akaeleza kuwa kule kutajwa "urembo" kwatuonyesha ya kwamba mwenye kufanya kwa tiba au kwa kuondoa aibu ya jino hayumo katika katazo hilo. Basi mizani ya kwanza imedhihirika: kuondoa dhara ni jambo moja, na kuliona umbo lenyewe kuwa ndilo dhara ni jambo jengine.

Lakini mkunjo wa uso ni dhara? Kurani Tukufu imeitaja safari ya mwanaadamu kutoka unyonge wa utoto hata nguvu, kisha kurejea katika unyonge na mvi. Haikuitaja kama ajali iliyompata, bali kama njia aliyopangiwa. Na Mtume alipohimiza watu wajitibu, akasema kila ugonjwa una dawa, alivua kimoja: ukongwe. Mkunjo basi si ugonjwa.

Siku ya kutekwa Makka aliletwa Abu Quhafa, babake Sayyidna Abubakar, kichwa chake na ndevu zake ni nyeupe pepepe. Mtume akaamrisha weupe ule ubadilishwe kwa rangi, lakini wajiepushe na nyeusi. Tafakarini hekima iliyomo. Hakuambiwa mzee yule, "Kaa hivyo hivyo, kujipamba si kwa umri wako." Alipambwa. Lakini rangi iliyoepushwa ni ile moja tu ambayo ingalimrejesha ujanani machoni pa watu. Sisi twafahamu hapa mizani ya pili, nayo ndiyo tuionayo kuwa na nguvu zaidi: kuupamba uzee kumeruhusiwa, kuukana ndiko kunakoogopewa.

Wasemao kuwa sindano hii ni kama hina, yaani huja ikapita, wana hoja, wala hatuidharau. Kweli haigeuzi umbo milele. Lakini hina ikifutika, mkono hauoni aibu. Sindano hii ikiisha nguvu baada ya miezi mitatu, mtu hukiona kioo kuwa ni adui aliyerejea, na hukimbilia nyengine. Ni kama mtu aliyeukodi uso wake mwenyewe: kodi haishi, na akikosa kodi hutolewa nje. Hilo si kujipamba, ni deni.

KHABARI YA NGAMIA WALIOTOLEWA MASHINDANONI

Ndugu zetu wa Biliqo ni watu wa ngamia, basi na tuwape mfano wa ngamia. Karibu na Riyadh, katika Saudia, hufanywa kila mwaka tamasha kubwa la ngamia lenye jina la Mfalme Abdulaziz. Ngamia hushindanishwa kwa uzuri: midomo, shingo, nundu. Zawadi zake ni mamilioni ya dola. Mwaka 2018 ngamia 12 walitolewa mashindanoni kwa kupigwa sindano hii hii ya Botox. Na mwezi wa Disemba 2021 wakatolewa zaidi ya 40, waliogunduliwa kwa vyombo vya kisasa kuwa wamelegezwa midomo na kuvimbishwa viungo, na wenyewe wakaadhibiwa.

Wale waamuzi hawakusema kwamba ngamia wale walikuwa wabaya. Huenda walikuwa wazuri kuliko wote. Walisema uzuri ule haukuwa wao. Na jambo hili Mtume wetu alikwisha kulihukumu kabla ya kujulikana sindano: alikataza kuyafunga maziwa ya ngamia na ya kondoo yakajazana chuchuni ili mnunuzi adhani ni mwenye maziwa mengi, na akampa mnunuzi khiari ya kurudisha. Maziwa ni ya mnyama mwenyewe, hayakutiwa rangi wala maji. Lakini yamepangwa yaseme uwongo.

Hasha, hatumfananishi binaadamu na mnyama, wala posa si soko. Lakini ikiwa sheria imemlinda mnunuzi wa ngamia asidanganywe kwa maziwa ya siku mbili, itamwacha mtu adanganywe katika ndoa, ambayo ni ahadi ya maisha? Sheria imemruhusu mwenye kuposa amtazame amposaye, naye atazamwe, ili kila mmoja aingie kwa macho mawili. Kuruhusu kutazama, kisha kukigeuza kinachotazamwa, ni kuuvunja mlango ulioachwa wazi kwa wema.

Hapa ndipo ilipo shida ya bibi huyu, nayo si sindano. Ni ile picha. Mposaji ameuposa uso wa miaka iliyopita, naye bibi ataka kuukimbilia uso ule kabla hajaonekana. Lau sindano ingaliweza, ingalimfikisha hata nikahi. Na miezi minne baada ya nikahi je? Ama ataendelea kuuza alichonacho kila msimu ili siri isitoke, ama mume ataamka siku moja aseme, "Huyu si niliyemwona." Na ndoa iliyoanzwa kwa khofu ya kuonekana haina siku ya kupumzika.

LAWAMA NI YA NANI?

Tukikomea hapa tutakuwa tumefanya kama wafanyavyo wengi: tumewalaumu wanawake tukenda zetu. Basi tuseme na wanaume. Ni nani aliyemfundisha mwanamke kuuogopa mkunjo? Katika miji yetu hii yumo mwanamume mwenye tumbo lililomtangulia na kichwa kisicho na unywele, ambaye hapendi kumtazama mke aliyezaa naye na kumpikia na kumuuguza miaka ishirini na mitano, kwa kuwa uso wake "umekwisha". Umekwishia wapi, ikiwa si jikoni mwake, na kando ya kitanda chake? Na yumo mwengine ambaye kabla ya kwenda kuposa hupaka ndevu zake rangi nyeusi ti, akapunguza miaka kumi kwa usiku mmoja, na huyu haandikiwi makala. Hukumu ya udanganyifu ni moja: ndevu zilizopakwa ili kumdanganya mposwa, na uso ulionyooshwa ili kumdanganya mposaji, ni mizani moja.

Mtume wetu alimwoa Bibi Khadija akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano, na wapokezi wengi wasema yeye alikuwa na arobaini. Hakuoa juu yake maisha yake yote. Na baada ya kufa kwake alikuwa akichinja kondoo huwapelekea nyama marafiki zake Khadija, vikongwe wale, kwa kumkumbuka. Atakaye kufuata sunna katika ndoa na aanzie hapo.

Kwa hivyo mwanamke aliye katika ndoa, mumewe aujua umri wake na uso wake, akataka kulainisha kipaji chake kwa radhi yao wote wawili, huyo hakumdanganya mtu. Hatumwiti mwovu. Kwake yeye hubakia maswali mawili tu: je, ni salama? Na je, fedha hizo hazina mwenyewe aliye na haki zaidi? Lakini mwanamke aendaye kupigwa sindano kwa kuwa mumewe amemtisha kwa mke mwengine, dhambi ya jambo lile tutaitafuta kwanza kwa mwenye kutisha.

USO NA ULIYOYASEMA

Katika nchi ya Waborana wako wazee wa dedha, ndio wenye kuamua mifugo ilishe wapi wakati wa mvua na wapi ihifadhiwe majani kwa wakati wa kiangazi. Mtu hapewi kikao kile kwa ulaini wa uso. Hupewa kwa kuwa ameona ukame akajua ulivyoanza na ulivyokwisha, na uso wake ni shahidi wa hayo. Wala hatusemi kwamba ukame ni pambo, au kwamba taabu ya mjane ni fakhari; mwenye kuyasifu makunyanzi ya masikini akiwa amekaa kivulini anamfanyia mzaha. Twasema tu kwamba uso si ukuta wa kupakwa chokaa. Ni ulimi wa pili. Mtoto mchanga husoma kipaji cha mamake kabla ya kufahamu maneno yake. Mgonjwa husoma uso wa mwenye kumtazama. Wafiwa hujua ni nani aliyehuzunika nao. Kuunyamazisha ulimi huu kwa sababu ndogo ni kujipunguzia kitu ambacho hakiuzwi popote.

Imepokewa ya kuwa Nabii Ibrahim (A.S.) alipoona mvi kwa mara ya kwanza aliuliza ni nini, akaambiwa ni heshima, akaomba aongezewe. Dunia ya leo yauza dawa za kuikimbia heshima hiyo, na wanunuzi wamejipanga foleni.

JAWABU LETU KWA NDUGU YETU WA BILIQO

Kwanza. Mwambie binti wa nduguyo: ile ya mkobani asiiguse kabisa, hata akipewa bure.

Pili. Ajue kwamba hizo zenye majina huenda zisimpe akitakacho, kwani alama za jua si kazi yake. Akitaka kuitunza ngozi yake, hiyo ni haki yake na ni jambo jema: amwone daktari wa ngozi, ikiwezekana mwanamke, apewe dawa ya ukavu na ya mabaka, ajikinge na jua. Hayo ni tiba na usafi, wala hayamdanganyi mtu.

Tatu. Kabla ya nikahi asitie sindano kwa ajili ya posa hii. Badala yake apelekwe mposaji picha ya leo, au ije siku ya kutazamana kama ilivyoruhusiwa, akiwepo mahram wake. Hili ni zito, twalijua. Yawezekana mtu yule akarudi nyuma. Akirudi, atakuwa amemwonyesha mapema alilokuwa akilioa, na kumjua kabla ya nikahi ni rakhisi kuliko kumjua baadaye. Akikaa, bibi huyu atalala usiku wa kwanza bila ya siri, na hiyo ni mahari ambayo haikuandikwa.

Nne. Fedha za ngamia wake wa mwisho zina haki ya kurudi kuwa kitu chenye kuzaa. Hata mbuzi wachache, au mtaji wa kibanda, watampa mgongo wa kuegemea, ndoa ikiwa na isiwe. Mwanamke mwenye chake huuogopa mkunjo kidogo kuliko asiye na kitu.

Tano. Ikiwa baada ya ndoa, mume akiwa ameujua uso wake na ameridhika nao, bado moyo wake wataka, na daktari mwenye leseni ameona hapana dhara, na chakula cha nyumba hakikuguswa, basi hilo li baina yake na Mola wake, na katika ikhtilafu ya maulamaa pana nafasi. Na kwa kuwa madaktari wengi humwambia mtu asiinamishe kichwa wala asisugue uso kwa saa chache baada ya sindano, naye ana rukuu na sijda zake, achague asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, apate nafasi hata adhuhuri. Twataja hili dogo kwa kuwa mtu huweza kukumbuka kipaji chake akakisahau kile ambacho kipaji kiliumbiwa.

Ama wewe ndugu yetu, umefanya vyema kuuliza, na amefanya vyema zaidi yeye kukuamini hata akakuambia aibu yake. Usimsomee barua hii kama kadhi amsomeavyo mtu hukumu. Msomee kama ammi. Na kabla hujaianza, mwambie ya kwamba uso uliochunga, ukalia, ukahama, na bado ukaposwa, si uso ulioharibika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aipambe miisho yetu kuliko alivyoipamba mianzo yetu, na awateremshie watu wa Biliqo mvua yenye kheri. Wallahu aalam.